Fundi bora mvunguni, karakana imelala

Saa nne usiku nilifika karakana ya kampuni moja ya mabasi jijini Dar es Salaam, nikawakuta vijana sita wamekaa juu ya matairi chakavu wanamtazama bosi wao akifanya kazi. Bosi mwenyewe alikuwa mvunguni mwa basi, inaonekana miguu tu. Kila baada ya dakika chache mkono uliojaa grisi unachomoza: "Kumi na saba!" Kijana wa karibu anampa spana namba 17, anarudi kukaa. Mwingine alikuwa anacheza drafti kwenye simu.

Wakati huo nilikuwa afisa rasilimali watu wa kampuni hiyo. Kilichonitoa nyumbani ni malalamiko: ndani ya wiki moja mabasi mawili yalikosa safari ya alfajiri kwa sababu hayakuwa yametoka karakana, na watu wa usafirishaji wakawa wanasema waziwazi kwamba karakana imelala tangu apandishwe cheo huyu bwana.

Na huyu bwana ndiye fundi bora tuliyewahi kuwa naye. Anagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia beringi ipi imeanza kufa. Mara nyingi anapatia. Ndiyo maana msimamizi wa zamani alipostaafu, hakuna aliyejiuliza mara mbili nani amrithi. Tukampa barua, ufunguo wa ofisi, kiti cha kuzunguka na posho ya madaraka. Barua ilisema atawajibika kwa "shughuli zote za karakana". Sentensi hiyo niliiandika mimi, nikadhani inaeleweka. Yeye aliielewa kama ilivyo: shughuli zote ni zake, basi akaingia mvunguni kuzifanya.

Tulipoona mambo hayaendi tukafanya kile ambacho kila ofisi hufanya. Tukampeleka semina. Siku tatu Bagamoyo: projekta, chai ya saa nne na sambusa mbili, mada kuhusu uongozi wa kimkakati, kazi za vikundi kwenye makaratasi makubwa ukutani, mwisho cheti na begi jeusi lenye nembo. Jumatatu begi lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ofisini, na mwenyewe yuko mvunguni.

"Kujengea watu uwezo" ni maneno yasiyokosekana kwenye mpango wa mwaka wa ofisi yoyote, tena yana fungu lake la bajeti. Lakini uliza ni uwezo gani hasa, wa kufanya nini Jumatatu saa mbili asubuhi, uone watu wanavyoanza kutazamana. Kwa maoni yangu tatizo linaanzia hapo. Usimamizi na uongozi ni kazi ya mikono kama ufundi magari: inafundishwa kazini, mbele ya mtu anayekutazama na kukurekebisha, tena ndani ya mpangilio unaokupa nafasi ya kuifanya. Tunaishughulikia kama somo la darasani, kisha tunamlaumu mwanafunzi.

Kazi tatu ndani ya barua moja

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuanza kulifumua. Kuna kufanya, kuna kusimamia na kuna kuongoza. Kusimamia kumetokana na kusimama: uko pale mpaka jambo likamilike. Nani anashika basi lipi, kipuri kipo au bado kiko bandarini, gari gani lazima litoke saa tisa usiku, nani hajafika zamu. Kuongoza ni ndugu wa kuongoka. Hapo kuna njia, na kuna watu wanaokubali kuifuata hata usipokuwa umewasimamia. Fundi wetu alikuwa bingwa wa la kwanza. Tukamwongezea la pili na la tatu kwa karatasi, bila kumpunguzia la kwanza hata kidogo. Madereva waliendelea kumpigia simu yeye, si kijana wa zamu. Mkurugenzi naye, gari lake likipiga kelele, alikuwa anamwita yeye.

Kwenye semina nyingi wawezeshaji hupenda kuchora mstari kati ya meneja na kiongozi, upande mmoja karani mkavu wa ratiba, upande wa pili nabii mwenye maono. Mchoro huo unapendeza ukutani, ila sijawahi kuuona ukifanya kazi. Ndani ya saa moja ya usiku wa karakana mtu yuleyule anapaswa kugawa mabasi kwa mafundi, na papo hapo kumtuliza kijana aliyetukanwa na dereva asikunje ovaroli lake akaondoka. La kwanza ni usimamizi, la pili ni uongozi, na yote mawili yanamhitaji kwa wakati mmoja. Anayejua moja tu atakwama kabla ya saa sita.

Kuna kingine kilichomrudisha fundi yule mvunguni, na kilinichukua muda kukiona. Wengi wetu tuna picha mbili tu kichwani za mtu aliye juu ya wengine kazini. Ya kwanza ni ya fundi mkuu, anayeheshimiwa kwa sababu anajua kuliko wote. Ya pili ni ya nyapara. Historia ya pwani na bara imetuachia msamiati mzima wa watu wa aina hiyo. Kwenye mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba enzi za utumwa kulikuwa na msimamizi, chini yake nokoa, chini ya nokoa kadamu. Kwenye misafara ya kwenda bara kulikuwa na mnyapara. Jina hilo likahamia mashamba ya mkonge, likafika hadi gerezani, ambako nyapara ni mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wafungwa wenzake. Katika picha hiyo bosi hafanyi kitu. Amesimama, wengine wameinama.

Sasa mchukue mtu muungwana, aliyekula chungu kimoja na vijana wale miaka kumi, umwambie kuanzia kesho wewe ndiye bosi wao. Hataki kuwa nyapara. Kusimama tu akiangalia wenzake wakichafuka kunamkera. Na kwa kuwa hajawahi kuonyeshwa picha ya tatu, anarudi kwenye ile anayoijua, anatambaa chini ya basi. Mimi nilimwona ameshindwa kukasimu kazi. Yeye alijiona amekataa kujivuna.

Daraja na madaraka

Kabla ya kuuliza jinsi ya kumfundisha, inafaa kuuliza kwa nini alipandishwa. Jibu la kweli, ambalo haliandikwi kwenye barua, ni kwamba tulitaka kumwongezea mshahara asichukuliwe na kampuni nyingine, na hatukuwa na njia nyingine ya kumwongezea. Kwetu ngazi ilikuwa moja tu, na kila aliyepanda alikuta watu wa kuwasimamia.

Utumishi wa umma, pamoja na mengi tunayoulalamikia, una dawa ya ugonjwa huo. Afisa anapanda kutoka Daraja la II hadi la I, anakuwa Mwandamizi, kisha Mkuu, bila lazima ya kukabidhiwa idara. Hilo ni daraja, linahusu ujuzi na uzoefu wake. Ukuu wa idara au kitengo ni madaraka, unapewa kwa uteuzi na unaweza kuondolewa. Maneno yenyewe yanakaribiana sana, labda ndiyo sababu tunayachanganya. Kampuni binafsi nyingi, hasa zilizoanza kama biashara ya familia, hazina mgawanyo huo. Fundi hodari akitaka nyongeza, anageuzwa bosi. Kampuni inapoteza fundi na kupata msimamizi dhaifu siku hiyohiyo, kwa saini moja.

Wachumi watatu wa Marekani walilichunguza jambo hili kwa kufuata wauzaji kwenye makampuni mengi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2019. Waliouza zaidi ndio waliopandishwa zaidi. Lakini mtu alivyokuwa hodari zaidi wa kuuza kabla ya kupanda, ndivyo timu aliyopewa ilivyoelekea kushuka mauzo. Makampuni hayakuwa na wajinga. Kumpandisha mwingine na kumwacha muuzaji bora ni kuwaambia wauzaji wote kwamba bidii hailipi, na hilo nalo lina gharama yake. Ndiyo maana ngazi mbili ni muhimu kuliko semina mia: fundi apande kama fundi.

Ipo hoja kwamba pengine mabosi wa kati hawahitajiki kabisa. Google waliwahi kuijaribu mwaka 2002 kwa wahandisi wao, wakaondoa mameneja. Haikufika mbali. Baada ya miezi michache watu walikuwa wanampelekea Larry Page mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, madai ya fedha walizotumia na ugomvi wa wao kwa wao. Miaka michache baadaye kampuni hiyohiyo ikachambua takwimu zake za ndani kutafuta meneja mzuri ana nini, ikapata tabia nane. Ya kwanza ilikuwa kuwa kocha mzuri kwa watu wako. Ujuzi wa kitaalamu, kile ambacho sisi ndicho tunachopandishia watu, ulikuwamo kwenye orodha, ila wa nane.

Fundo la waya wa taa

Mfano wa kujenga wasimamizi unaonivutia kuliko yote ni wa zamani. Mwaka 1940 Marekani ilianza kujiandaa kwa vita. Viwanda vilipewa oda ambazo havijawahi kuziona, mafundi wengi wakaelekea jeshini, na milangoni wakaanza kuingia watu ambao hawajawahi kushika mashine, wakiwemo wanawake wengi. Wasimamizi walikuwa hawatoshi. Serikali ikaanzisha mpango uliojulikana kwa herufi TWI, maana yake mafunzo ndani ya viwanda, ukaendeshwa hadi 1945. Katika muda huo zaidi ya watu milioni 1.6 walipata vyeti, kwenye viwanda na taasisi zaidi ya 16,000. Kila somo lilichukua saa 10 tu: vikao vitano vya saa mbili mbili, kikundi cha watu kama 10, mezani mwao wenyewe, ndani ya kiwanda chao.

Kikao cha kwanza cha somo la kufundisha kazi kilikuwa na mchezo mmoja. Mkufunzi anatoa kipande cha waya wa umeme, ule wa nyuzi mbili, anaomba mtu ajitolee. Anataka kumfundisha fundo ambalo mafundi umeme walikuwa wanalifunga ndani ya holda ya taa ili waya ukivutwa usichomoke kwenye skrubu. Kwanza anamweleza kwa maneno tu: shika wa kushoto, upitishe mbele, uzungushe, uuingize kwenye kitanzi. Mtu anahangaika, waya unabaki waya. Mkufunzi anachukua mwingine, safari hii hasemi neno, anafunga fundo mbele yake haraka haraka. "Umeona?" Ameona. "Haya, funga." Hawezi.

Ndipo anafundisha inavyotakiwa. Anamkalisha upande wake ili mikono yao ielekee sehemu moja. Anamuuliza kama amewahi kufunga fundo la aina hiyo, anamtuliza. Anafunga polepole, hatua moja moja, akisema nini kinafanyika na wapi pa kuangalia. Kisha anamwachia waya: afunge yeye, arudie akieleza anachofanya na kwa nini. Akikosea anasahihishwa palepale. Akiweza anaachwa afanye peke yake, anaambiwa amwulize nani akikwama, na mkufunzi anapita kumtazama mara kwa mara, kisha mara mojamoja.

Kadi waliyopewa wasimamizi ilikuwa na onyo moja ambalo nalitafsiri kwa kifupi: kama mfanyakazi hajajua, mwalimu hajafundisha. Fikiria sentensi hiyo ingebandikwa kwenye mlango wa kila ukumbi wa semina.

Baada ya mchezo huo kila mmoja alitakiwa kuja na kazi halisi ya idara yake na kumfundisha mwenzake mbele ya kikundi. Hapakuwa na kujificha nyuma ya mwenyekiti wa kikundi anayewasilisha kwa niaba ya wote. Na hapo ndipo tofauti yake na safari yetu ya Bagamoyo inapokaa. Fundi wetu kwa siku tatu alisikia habari za kukasimu madaraka. Hakuna aliyemwona akimkasimu mtu kitu.

Waandaaji wa TWI walisema msimamizi anahitaji vitu vitano: kuijua kazi, kuyajua majukumu yake, ujuzi wa kufundisha, ujuzi wa kuboresha namna kazi inavyofanyika, na ujuzi wa kuongoza watu. Tazama walivyovigawa. Viwili vya mwanzo ni elimu, mtu anaweza kuambiwa au kusoma, na ni vya mahali hapo tu: kazi ya karakana si kazi ya wodi. Vitatu vya mwisho ni ujuzi, vinahamishika popote, lakini havipatikani kwa kuambiwa. Mtu hajui kuogelea kwa kusimuliwa habari za bahari.

Katika somo la kuongoza watu walisisitiza mambo ambayo bibi yeyote wa uswahilini angeyatambua. Mjulishe mtu anaendeleaje. Akifanya vizuri mwambie, tena mapema. Badiliko litakalomgusa, alisikie kwako kabla halijafika. Tumia uwezo alio nao. Na likizuka tatizo, kusanya ukweli kwanza, pima, ndipo uamue, kisha urudi kuangalia uamuzi wako umezaa nini. Hapo kwenye kurudi kuangalia ndipo wengi wetu huishia njiani.

Vita vilipokwisha Wamarekani waliuacha mpango huo ukafifia kwao. Japani waliuchukua, Toyota wakiwemo mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakaujengea juu yake utamaduni wa kuboresha kazi kidogo kidogo unaoitwa kaizen. Mkondo huo umefika hadi kwetu: Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007, kwa msaada wa Wajapani, mpango wa S tano ambao Kiswahili chake ni kitamu kuliko asili yake: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Neno la mwisho ndilo gumu. Kusafisha stoo ni kazi ya Jumamosi moja. Kushikilia kunahitaji muuguzi kiongozi wa zamu anayejua kumfundisha mgeni wa wiki hii mahali pa kila kitu, na kumfundisha tena wa wiki ijayo.

Kukaimu, na kufuli tatu

Si lazima kusubiri mkufunzi kutoka nje. Taasisi zetu zina shule mbili za bure ambazo tunazitumia ovyo.

Ya kwanza ni kukaimu. Bosi akienda likizo, mtu anashika nafasi. Ni nafasi adimu ya kumjaribu mtu bila kumvisha cheo, na kwake pia kujijaribu; wapo wanaogundua kwamba hawaitaki kazi hiyo, na kugundua hivyo kwa wiki tatu ni nafuu kuliko kwa miaka mitatu. Lakini tunavyoifanya! Bosi anaondoka na muhuri. Kaimu anaachiwa kiti, haachiwi saini. Kila jambo linalokuja anasema "tusubiri mzee arudi", na mzee mwenyewe yuko Moshi kwa ndugu zake anapokea simu kumi na mbili kwa siku. Wote wawili wanarudi wamechoka na hakuna aliyejifunza kitu. Upande mwingine wapo wanaokaimu miaka na miaka, ingawa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za Tanzania za mwaka 2009 zimeweka ukomo wa miezi sita. Mtu wa namna hiyo hathubutu kuamua lolote zito, kwa sababu kila uamuzi unaweza kumkosesha uthibitisho.

Kukaimu kunakofundisha kunaanza kabla ya likizo. Wawili wanakaa, wanaandika mambo ambayo kaimu ataamua mwenyewe, yale atakayoamua na kutoa taarifa, na machache sana ya kupiga simu. Bosi akirudi, wanapitia uamuzi mmoja mmoja. "Hapa ulifikiria nini?" Swali hilo, likiulizwa bila kejeli, linafundisha kuliko mada yoyote ya uongozi wa kimkakati. Na bosi aking'ang'ania kubadilisha kila kilichoamuliwa akiwa hayupo, basi mwakani kaimu atasubiri mzee arudi.

Shule ya pili ni vikoba. Nasema hivi nikijua wapo watakaocheka, lakini hebu nenda ukakae kwenye kikao cha akina mama wa kikoba. Mtindo huu wa kuweka na kukopeshana ulianzia Niger mwaka 1991 kisha ukasambaa Afrika nzima. Katikati ya duara kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, ambao si mwenyekiti wala mweka hazina. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wawepo. Fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Salio la wiki iliyopita linatajwa kwa kumbukumbu za wanachama kabla daftari halijafunguliwa. Aliyechelewa analipa faini hata kama ni mwenyekiti, na akibisha anachekwa.

Mle ndani mwanamke ambaye hajawahi kuajiriwa popote anaendesha kikao chenye ajenda, anazuia mada isitoke nje, anasema hapana kwa shoga yake anayetaka mkopo wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza. Hakwenda semina. Amefanya hivyo kila wiki, mbele ya watu ishirini na tano wanaomjua, kwa utaratibu usiomtegemea awe malaika. Kila wiki ni zoezi, na kila zoezi lina wa kulisahihisha. Ukilinganisha na mkuu wa kitengo anayeitisha kikao mara moja kwa robo mwaka, tena kwa sababu mkurugenzi ameuliza kumbukumbu za kikao, utajua nani anajifunza upesi zaidi.

Fomu haziwezi kuchukua nafasi hiyo. Serikali ya Tanzania ilileta OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wake, mwaka 2004, ikitaka mkuu na mtumishi wakae pamoja wakubaliane malengo, wayapitie katikati ya mwaka na wapimane mwishoni. Wazo zuri kabisa. Ila mkuu ambaye hajui kumwambia mtu uso kwa uso kwamba kazi ya jana haikuwa nzuri, hatajifunza kulisema kwa kupewa kisanduku cha kujaza namba. Ataandika alama ileile nzuri kwa kila mtu, maisha yaende.

Kiburi nacho

Kuna upande mmoja ambao kadi za TWI haziufikii vizuri, na sisi Watanzania tuliujadili mapema kuliko wengi. Azimio la Arusha la 1967 lilitaja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Miaka minne baadaye, Februari 1971, Mwongozo wa TANU ukaingia ndani zaidi. Ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau, makuu na uonevu, ikataka pawepo juhudi za makusudi za kujenga usawa kati yake na anaowaongoza. Wafanyakazi viwandani waliisoma, wakaikariri, wakaitumia dhidi ya mameneja wao. Ikafuata migomo. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber, Dar es Salaam, walifikia hatua ya kukitwaa kiwanda chenyewe.

Sitaki kuingia kwenye ubishi wa kama enzi zile zilikuwa bora. Ninachokiona ni kwamba ibara ile iliwaambia viongozi wasiwe nani. Kuwaonyesha siku ya kazi ya kiongozi asiye na majivuno inaendaje, tangu saa moja asubuhi, kulihitaji shule nyingine. Karibu nusu karne baadaye fundi wangu alikuwa ameitii ibara ya 15 kikamilifu. Hakujivuna hata chembe. Na mabasi hayakutoka.

Tulichofanya mwishoni hakikuwa cha kishujaa, na nusu yake tulikipata kwa kubahatisha. Tulitengeneza daraja jipya la fundi mshauri, mshahara uleule wa msimamizi, bila mtu chini yake. Kazi yake ikawa mbili: magonjwa magumu ya injini, na kufundisha. Usimamizi wa karakana tukampa mama mmoja aliyekuwa mtunza stoo. Hakujua kufungua injini, lakini kwa miaka saba alikuwa anajua kila kipuri kimechukuliwa na nani, saa ngapi, na kwa nini kimerudishwa. Wiki ya kwanza alitundika ubao mweusi mlangoni: namba ya basi, jina la fundi, saa ya kutoka. Jioni alikuwa anasimama hapo dakika kumi na mafundi wote. "Hili la Tunduma umekwamia wapi, mwanangu?" Akisikia neno asilolijua anauliza, hajifichi. Meneja wa usafirishaji akawa anakaa naye mara moja kwa wiki kupitia yaliyomshinda.

Fundi alinuna. Ufunguo wa ofisi alichelewa kuurudisha karibu mwezi mzima, na kiti cha kuzunguka aliomba abaki nacho. Tulimwachia. Akakiweka nje, kwenye kivuli cha mwembe karibu na benchi la kazi.

Mara ya mwisho kupita pale, kabla sijahama kampuni, nilimkuta amesimama pembeni ya injini inayounguruma. Bisibisi ilikuwa mkononi mwa yule kijana wa drafti, mpini sikioni.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, fundi."

"Sogeza chini kidogo. Usiwe na haraka."